Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa redio na mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimeandika daftari mbili. Ya kwanza sijui iko wapi. Mke wangu anasema aliiona mara ya mwisho juu ya banda la kuku, na mimi sikumbuki nilipanda banda la kuku kufanya nini. Kwa hiyo hii ni ya pili. Habari ya daftari kupotea nimeitanguliza makusudi, mkisoma mpaka mwisho mtajua siyo uzee.

Shule nilisoma mpaka darasa la nne, kwetu Mbulu, huko juu. Hilo darasa la nne lenyewe nililisomea zaidi dirishani. Mkikuta herufi imekaa vibaya pitieni juu yake tu, hata trekta hupita juu ya jiwe.

Nilishuka Hanang nikiwa kijana ambaye ndevu zinahesabika. Kwetu shamba ukirusha jiwe linaangukia kwa jirani, na jirani anakuja kuuliza. Huku chini nikakuta ngano ya serikali, shamba halina mwisho. Dereva anaondoka upande huu watu wanakunywa chai ya asubuhi, anageuza upande ule, akirudi wenzake wanaosha sahani za mchana. Nilisimama nikatazama mpaka mtu akanisukuma begani kwamba mstari wa kuandikishwa kazi umeshasogea na mimi nimebaki peke yangu kama kigingi.

Fundi mkuu alikuwa mzee Boay. Nyie hamkumkuta, alikufa kabla mashamba hayajabadilisha mikono. Alikuwa mfupi, sauti ndogo, mifuko ya ovaroli imejaa vitambaa mpaka anaonekana mnene. Siku ya kwanza alinipa grisigani, bomba la kusukumia grisi, akanionyesha kombaini, akasema ina nipo arobaini na mbili, vile vichuchu vya kuingizia grisi, nizipige zote, nimwite. Nilianza vizuri. Nikafika kama ya kumi na tano nikaona mkanda mmoja umekaa upande. Nikaweka grisigani chini.

Mzee Boay alirudi akanikuta nimefungua kava, nimelala ndani mpaka kiunoni.

"Nilikutuma grisi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na hapo?"

"Mkanda huu umekaa upande, mzee. Ukizunguka utajikata."

Akainama akatazama. Kweli ulikuwa umekaa upande, na kombaini ile ilikuwa inatoka kesho yake.

"Nipo ngapi zimebaki?"

Sikujua. Sikujua hata grisigani nimeiweka wapi. Tuliitafuta wote wawili, tukaikuta juu ya tairi.

"Wewe," akasema, "una macho ya watu wawili na kumbukumbu ya nusu mtu. Nikikufukuza nafukuza macho. Anza tena nipo ya kwanza."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Na jina mnaloniita, Kumbe, lilianza wiki hiyohiyo, kwa sababu kila nikiulizwa nati iko wapi, ufunguo uko wapi, chai ya wenzako uliyotumwa iko wapi, jibu langu lilikuwa moja: "Kumbe." Nyie mlidhani ni jina la ukoo.

Niseme na mazuri, nisije nikaonekana nalia. Masikio yangu yalikuwa yanasikia kitu kabla hakijaharibika. Beringi ikitaka kufa inalia kama kuku anayetafuta pa kutaga, na mimi nilikuwa nasikia huyo kuku wakati kombaini tatu zinavuna pamoja. Wenzangu walikuwa hawasikii. Nikawa nasimamisha kombaini za watu, wananitukana, tunafungua, beringi ina rangi ya bluu kwa moto. Na wakati wa mavuno, mvua inanyemelea, kila mtu amechanganyikiwa, mimi ndipo nilikuwa natulia. Kelele zikiwa nyingi nje, ndani kwangu kunakuwa kimya. Tabu yangu ilikuwa siku za kawaida.

Sasa niwape habari ya nati.

Ilikuwa kipindi cha kulima kabla ya mvua, na mimi nilikuwa nimeshapewa trekta. Lilifikisha saa zake za kubadilishwa oili. Utaratibu wetu ulikuwa kubadilishia hukohuko shambani, maana kurudi karakana ni nusu siku. Unasimamisha injini ikiwa moto, unaweka karai chini ya sampu, lile bakuli la oili tumboni mwa injini, unafungua nati yake, oili chafu inashuka nyeusi kama uji wa ulezi ulioungua. Ikiisha kuchuruzika, unarudisha nati kwa vidole kwanza usije ukaharibu meno yake, halafu ndiyo unakaza kwa spana. Vidole kwanza, spana baadaye. Hiyo baadaye ndiyo iliyonimaliza.

Nimeshamaliza vidole, mkono unapapasa majani kutafuta spana, nikaona mbele ya pua yangu viatu vya tairi, na fimbo. Nikatoka chini ya trekta. Alikuwa mzee Mbarbaig, wa familia ya wafugaji waliokuwa upande wa Dirma. Jina lake Gidaweda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe Mbulu?"

"Ndiyo, mzee. Wa huko juu."

"Mbulu anajua kaburi. Njoo."

"Mzee, nina kazi hapa kidogo tu, nimalize."

"Kaburi la baba yangu siyo kazi kidogo. Hiyo ng'ombe yako ya chuma jioni inafika pale."

Nikamfuata. Mnajua habari zile, sitaki kuzirefusha. Nchi ilikuwa malisho yao kabla haijawa ngano, na wazee wao walizikwa humo, na mtu aliyekaa juu ya trekta asiyejua anaona kichuguu tu. Kichuguu chenyewe kilikuwa kimeota majani, na vijiti walivyochomeka zamani wakati wa mazishi vilikuwa vimechipua vimekuwa miti. Mzee Gidaweda alinieleza baba yake alikuwa nani. Hakuniomba kwa unyonge. Alieleza kama mtu anayekukabidhi mzigo: sasa umejua, fanya ujuavyo. Tukakata matawi tukazungushia alama.

Nikarudi kwenye trekta kichwa kimejaa. Nilikuwa nawaza nitapindaje mstari, nitainua jembe wapi nilishushe wapi, ili kaburi lipone na msimamizi asione kipande kisicholimwa. Mtu mwingine akirudi, kazi inamwita palepale alipoiacha. Mimi kazi nikiiacha inakufa, nikirudi naanza na kilicho mbele ya macho. Nikaona dumu la oili mpya. Nikasema ahaa, sasa ni kumimina. Nikamimina. Nikawasha. Spana ilibaki imelala kwenye majani.

Nati ya vidole inashika kwa muda. Trekta likatetemeka, likatetemeka, nati ikajifungua taratibu mpaka ikaanguka. Geji ya oili ilikuwepo mbele yangu, mshale umelala chini kabisa. Mimi macho yako kwenye kaburi. Nilipoinua jembe kupisha, injini ikapiga kelele ambayo sijaisahau, ikasimama. Ilinoki, vyuma vimeshikana kwa kukosa oili. Hatua ishirini kutoka kaburini.

Mzee Boay alikuja na Landrova. Alilala chini akatazama, akaamka, akaanza kurudi nyuma akifuata njia ya trekta ameinamisha kichwa, mbali, mpaka akawa mdogo. Akarudi na nati. Akaniwekea kiganjani.

"Hii haijaonja spana," akasema.

Baada ya siku chache nikapewa barua. Ninayo mpaka leo, huu mwaka wa arobaini na kitu, kwenye sanduku la bati. Ina mambo matatu. Kwamba niliacha nati bila kukazwa. Kwamba injini iliharibika na trekta likakosekana msimu mzima. Na kwamba huo ulikuwa uzembe wa makusudi. Nikatolewa kwenye trekta nikarudishwa grisi.

Grisi haikuniuma. Kilichoniuma ni lile neno. Mambo mawili ya kwanza nilikuwa nayajua, ni kweli, wenzangu walilima zamu mbili kwa ajili yangu, na sikuwa na uso wa kuwatazama. Lakini makusudi? Nilijiuliza usiku na mchana, inawezekana mtu akafanya makusudi na yeye mwenyewe hajui? Maana kama siyo makusudi, ni nini? Mikono ninayo. Akili ninayo, injini naifungua na kuifunga nimefumba macho. Basi nitakuwa mzembe. Hakuna neno lingine.

Nikaanza kutafuta ugonjwa wangu. Huwa mnacheka mtu akienda hospitali tatu kwa kikohozi kimoja. Mimi nilikwenda kila mahali. Wakwe zangu walinipeleka kwa mtaalamu wa kupiga bao huko juu Mbulu. Alimwaga vijiwe vyake, akasema marehemu wa kaburini hakuniona vizuri, nitoe kondoo. Nilitoa kondoo, na tukiwa njiani kurudi nikasahau koti langu kwake. Nikaenda hospitali ya misheni. Mganga wa pale alinichungulia masikio, akasema ni mazima, akanipa vidonge vya malaria ili nisiondoke mikono mitupu. Katekista akaniombea. Alikuwa mtu wa sala ndefu, na katikati ya sala nikawa nahesabu misumari ya bati mpaka akasema amina mara mbili.

Na wafugaji nao walikuwa na jibu lao. Asubuhi moja mzee Gidaweda alikuja mpaka kwenye kambi yetu na kibuyu cha maziwa.

"Baba alikuzuia," akaniambia. "Alikamata ng'ombe yako ya chuma shingoni. Watoto wote wameona."

"Mzee..."

"Wewe ulifuata heshima, hakukuumiza wewe. Alikamata chuma. Kunywa."

Nikanywa. Habari ya nati sikumwambia. Nisingeweza, maana kuanzia siku ile hakuna dereva aliyekubali kupitisha jembe karibu na kile kichuguu, hata wale waliokuwa wanajifanya hawaogopi kitu. Msimamizi mwenyewe alikuwa anapinda. Kaburi lile lipo mpaka leo, na miti yake. Mnalipita mkienda kuchukua maji. Sasa nimesema, kama kuna mjukuu wake anasoma aniwie radhi, ingawa mpaka leo sijui kama kweli nati na marehemu hawakushirikiana.

Nilikaa kwenye grisi miezi. Siku moja mzee Boay akaja na shuka kuukuu jekundu, akalichana vipande mbele yangu, taratibu, kama anachana nguo ya mtoto.

"Sikiliza, Kumbe. Kabla hujalegeza kitu chochote kwenye mashine, chukua hiki, funga kwenye usukani. Halafu ndiyo ushike spana. Ukimaliza, kishike kitambaa ukifungue ukiwa na spana mkono mwingine. Kama huna spana mkononi, hujamaliza, rudi chini."

"Nikisahau kufunga?"

"Utafunga mara elfu moja hapa, mbele yangu, mpaka mkono ujue wenyewe. Kichwa chako usikitume, kimeshakataa. Tuma mkono."

Na kweli alinifungisha. Siku nzima, nafunga, nafungua. Watu walikuwa wanapita wanacheka, "Kumbe anaozesha trekta." Nilimwuliza mzee amejifunza wapi jambo hili. Akasema, "Kwa mtu anayesahau." Sikuuliza ni nani. Akaondoka na mifuko yake iliyojaa vitambaa.

Vijana, mnapoona usukani umefungwa kitambaa chekundu na mnajua kwamba hapo hapaguswi, mnadhani ni sheria iliyoletwa na wazungu pamoja na mashine. Siyo. Ni mimi na ile nati. Baada ya hapo nilirudishiwa trekta, nikaenda kombaini, mashamba yakaja yakagawanywa, wenye mali wakabadilika, mimi nikabaki na karakana mpaka mliponipa redio. Miaka hiyo yote sikuacha nati nyingine. Nilisahau harusi ya shemeji yangu, nilisahau baiskeli Gendabi nikarudi kwa miguu, lakini nati sikuacha. Na bado kila nilipofungua sanduku la bati kutafuta kitu kingine, barua ile ilikuwa inanitazama.

Sasa kustaafu. Mnasema kustaafu ni kupumzika. Wiki ya kwanza nilianza kujenga upya banda la kuku, katikati nikaona mfereji wa maji ya bati umelegea, nikaushusha, katikati nikaona mlango wa jiko hauna bawaba nzuri, nikaung'oa. Wiki ya tatu kuku wanalala jikoni, maji yanaingia sebuleni, na mimi nipo uani nafungua redio yenu nione inafanyaje kazi.

Mama Yulita, mke wangu, hakupiga kelele. Yeye huwa hapigi kelele, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Baba Yulita," akasema, "miaka yote hii nilidhani karakana inakuchosha. Kumbe ilikuwa inakushika. Sasa nani atakushika? Mimi mikono yangu ina kazi."

Yulita binti yetu ni nesi hapo Katesh. Jumapili moja alikuja, akaruka dimbwi sebuleni, akakaa, akanitazama muda mrefu nikisimulia habari nne kwa pamoja. Akasema, "Baba, nikwambie kitu usikasirike?" Akaniambia kuna hali fulani, wazungu wanaiita kwa herufi nne, A, D, H, D. Kwa Kiswahili alisema ni upungufu wa umakini pamoja na kutotulia. Siyo wazimu. Mtu anazaliwa nayo, kichwa kinavutwa na kila kitu kwa nguvu sawa, na kazi ikikatwa katikati anashindwa kuirudia. Alisema walifundishwa kwenye semina, na wakati mwalimu anasoma dalili, yeye alikuwa anaandika jina langu pembeni.

Sikukasirika. Nilinyamaza, na mke wangu aliogopa kwa sababu mimi sinyamazi. Nilikuwa nawaza lile neno la tatu.

Kwenda kwa daktari wa akili siyo jambo la kutangaza. Nilimwambia jirani nakwenda kupima macho. Tulipanda basi mimi na Yulita mpaka hospitali kubwa, ni safari. Daktari alikuwa mdada wa rika la binti yangu. Akasimama akasema shikamoo baba, nikaona afadhali, amelelewa. Akaanza maswali. Je, unapoteza vitu? Nikacheka. Je, mtu akiwa anaongea unamjibu kabla hajama... "Ndiyo," nikasema. Akaandika. Akauliza mengi, ya kazi, ya usingizi, ya pombe, kama niliwahi kupigwa kichwani. Nikamsimulia habari ya nati yote, na kaburi, na maziwa. Alisikiliza. Kisha akaniambia hawezi kutoa jibu siku hiyo. Hali hii lazima iwe imeanza utotoni, vinginevyo inaweza kuwa ni uzee au kitu kingine kabisa. Anahitaji mtu aliyenijua kabla sijafika miaka kumi na mbili.

"Yupo?" akauliza.

Mama alishafariki, baba alishafariki, rika langu wametawanyika. Amebaki dada yangu Marselina, huko juu Mbulu, ambaye ndiye aliyenibeba mgongoni. Magoti yake mabovu. Nilimpigia simu nikiwa na hofu atasema haji, na hofu zaidi kwamba akija atasema, huyu alikuwa mzembe tangu mtoto. Maana mama ndivyo alivyokuwa ananiita. Na mama hakuwa mtu wa kusingizia.

Alishuka. Mwezi uliofuata tukaingia wote watatu, mimi, dada na Yulita, kwenye kile chumba cha daktari. Barua nilikuwa nayo kwenye mfuko wa ndani wa koti. Daktari akamwamkia, akamwuliza, "Mama, huyu mdogo wako alikuwaje utotoni?"

Dada akafikiri. Akasema, "Alikuwa anatumwa moto."

Daktari hakuelewa, mtoto wa siku hizi, wa viberiti. Dada akamweleza. Zamani kwetu moto ukizima nyumbani, mtoto anatumwa kwa jirani na kigae cha chungu kuomba makaa. Unarudi unapuliza njiani, unakinga upepo, ukichelewa yanazima.

"Kila siku anatumwa, kila siku unazimika," dada akasema. "Ataona kinyonga, atasimama. Atakuta mtu anashona mzinga wa nyuki, atamshikia kamba. Akifika nyumbani, kigae kina majivu. Mama anachukua fimbo, anamwita mzembe. Mimi nilikuwa nasema, mama, mzembe hakimbii. Huyu anakimbia kwenda na anakimbia kurudi, mpaka anadondoka. Moto ndiyo unamponyoka katikati, na akiona majivu anashangaa kuliko sisi, analia. Mzembe hulia?"

Daktari akageuza ukurasa.

"Mwishowe mama hakujua," dada akaendelea, "nikawa namfuata nyuma na kigae changu, mbalimbali, asinione. Wake ukizima, tukifika mlangoni macho yake yakienda pengine, namwagia makaa yangu kwenye kigae chake. Alikuwa anadhani ni wake."

Nikamgeukia. Miaka sitini nilikuwa nadhani kuna siku niliuleta moto. Kumbe hata siku moja sikuuleta.

Daktari aliandika kwa muda. Kisha akasema ndiyo, ni hiyo hali ya herufi nne, na imekuwepo tangu utoto. Mimi nikatoa barua nikamwekea mezani. Nikamwambia, "Mwanangu, nisomee hii kisha uniambie kama ni kweli." Akaisoma mara mbili.

"Nati haikukazwa, hiyo ni kweli, baba," akasema. "Injini iliharibika, ni kweli. Watu waliumia kwa kazi kwa ajili hiyo. Hayo ni yako, nisikudanganye. La tatu siyo kweli. Hukufanya makusudi, na hukuwa mzembe. Hii barua siwezi kuibadilisha. Ila ninaweza kuandika ya kwangu."

Akaandika cheti, akapiga muhuri. Vidonge akasema vipo, lakini presha yangu ishuke kwanza. Kwa sasa akashauri nijiwekee alama za kuonekana, kazi moja imalizike ndiyo nyingine ianze. Nikamweleza habari ya kitambaa chekundu. Aliacha kalamu, akauliza ni daktari gani alinifundisha. Nikamwambia fundi wa matrekta.

Mmeona trekta likifunguliwa jembe, linavyoruka mbele kidogo lenyewe, dereva hajagusa kitu? Ndivyo nilivyotoka mlangoni pale. Mzee Boay hayupo nimwambie. Nilitembea nikamwambia hivyohivyo.

Basi ninyi, akija kwenu mtu mwenye macho ya watu wawili na kumbukumbu ya nusu mtu, msikimbilie kuandika barua. Mchanieni shuka. Na kama ni wewe mwenyewe, unajijua, nenda ukaulize, na ukiulizwa nani alikujua utotoni, mtafute angali hai.

Stendi tulikunywa chai na chapati tukisubiri basi la Katesh. Niliongea sana, nilimsimulia mwuza chai ambaye hakuniuliza. Basi likaja, tukapanda, likaondoka. Tumeshauacha mji nyuma nikapapasa mfuko wa koti. Barua ipo. Nikapapasa tena, huku na huku, chini ya kiti. Cheti hakipo. Nikasimama kumpigia konda kelele asimamishe basi.

Fimbo ikanigusa mgongoni. Dada Marselina alikuwa kiti cha nyuma.

"Kaa chini," akasema. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, ina doa la chai. "Ulikiacha chini ya kikombe. Moto wako huu."

Yulita akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Mimi nilicheka mpaka konda akaja kuuliza kuna nini huku nyuma. Dada alikuwa bado amenyoosha mkono, karatasi inapepea kwa upepo wa dirisha.

"Rudisha kwenye kitenge," nikamwambia. "Kaa nao wewe, dada, mpaka tufike nyumbani."